SPIKA TANO JUU YA KABATI MOJA? NDUGU YANGU, UMELIWA!

Kama mshiko bado upo mfukoni, usiutoe kwanza mpaka umalize kusoma safu hii, maana leo tunazungumzia kitu ambacho vijana wengi wa mjini wanakipenda kuliko hata kitanda. Ni homu thieta, au kama inavyoitwa mitaani, sabufa.

Si unajua mambo yalivyo. Kijana akipata kazi, akapanga chumba na sebule Sinza au Mbagala, cha kwanza godoro, cha pili tivii, cha tatu sabufa. Anajinyima miezi sita, mchana anakula chipsi kavu, halafu siku moja anashuka Kariakoo na kurudi na boksi limefungwa kamba. Ndani kuna spika tano na sabufa moja. Anazifungua na kuzipanga zote juu ya kabati la tivii, mbili kushoto, mbili kulia, moja katikati, kama askari kwenye gwaride. Mshikaji akiingia anasema, "Duh! Bwana we, umetisha!"

Umetisha wapi? Ndugu yangu, umeliwa, na muuza duka hana kosa. Umelipia spika za kukuzunguka halafu zote umezipanga mbele yako. Ni sawa na kuajiri walinzi watano, wote wakakaa getini wanapiga soga, huku ukuta wa nyuma hauna mtu.

HIZO ZA NYUMA ZINA KAZI GANI?

Kwenye sinema kila spika ina kazi yake. Ya katikati inabeba karibu maneno yote ya waigizaji. Ya kushoto na ya kulia zinabeba muziki na vitu vinavyopita kwenye skrini. Sabufa inabeba mishindo. Mbili za nyuma zinabeba yale usiyoyaona: mvua inayonyesha, kelele za mashabiki uwanjani, helikopta inayotokea kisogoni. Ndiyo maana wataalamu wanaita tano nukta moja, yaani spika tano kamili na njia moja ya besi peke yake.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Kampuni ya Dolby ilipoleta Dolby Surround majumbani mwaka 1982, na baadaye Pro Logic mwaka 1987, spika mbili za nyuma zilikuwa zinasema kitu kilekile, tena sauti za juu zimekatwa. Mwaka 1992 mfumo wa Dolby Digital uliingia kwenye majumba ya sinema na filamu ya Batman Returns, na kila spika ya nyuma ikapata maneno yake yenyewe. Kisha DVD zilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1996, kitu hicho kikaanza kuingia sebuleni kwa watu wa kawaida.

Sasa wewe unazirudisha mbele! Helikopta inayotakiwa kukupitia kisogoni inazunguka palepale kabatini, imechanganyika na maneno ya waigizaji. Husikii wanachosema, unaongeza sauti. Mlipuko ukija unaruka na rimoti kupunguza. Usiku kucha kazi ni kupandisha na kushusha, na mpangaji wa chumba cha pili mwenye kichanga anagonga ukuta.

PANGA KAMA SAA YA UKUTANI

Chukua saa ya ukutani yenye mishale, ilaze sakafuni kwenye mawazo yako, halafu kaa katikati yake ukiangalia tivii. Nasema namba zilizoandikwa kwenye saa, si saa za Kiswahili, usije ukachanganya.

Tivii na spika ya katikati vikae kwenye 12. Spika ya kushoto ikae kwenye 11, ya kulia kwenye 1, zote mbili zikikuangalia. Za nyuma zikae kwenye 8 na 4, au zisogee kidogo kuelekea 9 na 3. Basi! Hapo umepanga karibu sawasawa na wanavyoshauri wataalamu wa dunia nzima. Umeona? Hata hizo tunazoziita za nyuma hazikai nyuma kabisa. Zinakaa ubavuni na kurudi nyuma kidogo.

Kama umenunua ile ya spika saba, mbili za ubavuni weka kwenye 9 na 3, na mbili za nyuma weka kwenye 7 na 5. Lakini nakwambia kweli, kwenye sebule ya mita tatu kwa nne, tano zilizokaa vizuri zitaziaibisha saba zilizobanana.

Habari ya kimo. Spika za mbele zilingane na masikio yako ukiwa umekaa, yaani karibu mita moja kutoka sakafuni. Za nyuma ziwe juu kidogo, mita moja na nusu hivi, ili sauti isambae na isikupige sikioni kama mtu anayekupigia umbea. Usizigande juu kabisa kwenye kona ya dari karibu na utando wa buibui, utasikia mvua ya sinema inanyesha kwa wapangaji wa ghorofani.

KOCHI LIMEGANDA UKUTANI, NIFANYEJE?

Najua utauliza hilo, maana sebule zetu nyingi kochi limeegemea ukuta wa nyuma na hakuna pa kwenda. Kwanza, jaribu kulivuta mbele hata nusu mita. Ukuta ulio nyuma ya kichwa unarudisha besi nyingi na kuifanya ivume. Ile nusu mita unayoiona ndogo itakusaidia kuliko spika mpya.

Kama haiwezekani kabisa, spika za nyuma zipeleke ubavuni, kwenye 9 na 3, juu kidogo ya masikio, na zitenge na kochi kadiri chumba kinavyoruhusu. Usizitegeshe moja kwa moja kwenye masikio ya anayekaa pembeni. Zielekeze zipitishe sauti juu ya vichwa vya watu, ziangaliane. Vinginevyo shemeji aliyekaa pembeni atasikia spika moja tu filamu nzima, na hatarudi tena kwako.

Chumba chenye sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha makubwa kinapiga mwangwi. Hapo dawa ni kapeti, mapazia mazito na makochi ya kitambaa. Dada zangu, hapa mnacho cha kuwaambia hao jamaa: pazia jipya ni sehemu ya homu thieta!

UKIFIKA DUKANI

Usidanganywe na namba kubwa kwenye boksi. Eti PMPO wati 10,000! Hebu piga hesabu ya LUKU. Wati 10,000 zikifanya kazi saa nzima zinakula uniti 10. Sinema ya saa mbili, uniti 20! Ungekuwa umeshafilisika. Geuza mtambo nyuma usome kibandiko, utakuta unatumia wati 60 au 100 tu. Umeme unaoingia mdogo, utatoaje nguvu kubwa kuliko huo? Namba ya kuulizia ni RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo bila kuchoka. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 mpaka 50 za RMS kwa kila spika zinatosha na zinabaki.

Pili, kuna sabufa zenye spika tano ambazo hazijui kabisa habari ya Dolby Digital wala DTS. Zinapokea sauti mbili na kuzigawa kwa wote kama mandazi ya msibani. Soma boksi vizuri, halafu muombe muuzaji aweke sinema, usogeze sikio kwenye spika ya nyuma. Ukisikia inasema kilekile kinachosemwa na za mbele, uliza kwanza kama hajabonyeza kitufe cha kulazimisha zote zilie sawa. Kama hajabonyeza, funga pochi.

Tatu, spika za nyuma si lazima ziwe kubwa, maana besi yake inaweza kupelekwa kwenye sabufa. Za mbele tatu ndizo ziwe za ukoo mmoja, ili gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia mlio wake usibadilike njiani. Na angalia omu. Kama amplifaya imeandikwa 6 mpaka 16, usiichomekee spika ya 3 uliyoiokota kwenye seti nyingine. Inaweza kupata moto ikajizima, au ikaungua moja kwa moja.

Nne, wapenzi wa mtumba mnisikilize. Amplifaya iliyotumika Japani imezoea umeme wa volti 100, ya Marekani volti 120, na umeme wetu ni volti 230. Soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Bila transfoma ya kushusha umeme utasikia "puu!" moja, na hiyo itakuwa sauti yake ya kwanza na ya mwisho.

Tano, hizo za nyuma zinazoitwa hazina waya bado zinahitaji umeme. Kama hakuna soketi karibu utakuwa umekimbia waya mmoja na kukumbatia mwingine.

WAYA USIKUZUNGUSHE

Wengi wamepanga kila kitu vizuri lakini spika za nyuma ziko kimya, au zinalia kinyonge. Angalia ulivyounganisha. Zile waya za nyekundu na nyeupe zinapitisha sauti mbili tu. VCD nayo ina sauti mbili tu. Ukitaka zote tano zifike, tumia waya wa HDMI, na kutoka kwenye tivii uchomeke kwenye tundu lililoandikwa ARC, au tumia waya wa optiko. Halafu ingia kwenye mipangilio ya sauti ya tivii, uiambie itoe Dolby au bitistrimu badala ya PCM.

Kila spika ina nyekundu na nyeusi. Nyekundu iende kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Ukigeuza moja tu, spika moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, na besi inapotea huku ukimlaumu Mchina bure.

Mwisho, chukua futi kamba. Pima umbali wa kila spika mpaka kichwani pako, uandike kwenye mipangilio ya amplifaya. Sauti inatembea karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo karibu inafika mapema na kuwatangulia wenzake. Ukiandika umbali, amplifaya inaichelewesha kidogo ili zote zifike pamoja. Kisha washa ule mlio wa majaribio, usawazishe mpaka hakuna spika inayojifanya bosi. Ukiwa unaangalia sinema na unazikumbuka spika za nyuma kila dakika, ujue umezipandisha mno.

SABUFA NA JIRANI

Besi ya chini kabisa masikio hayatambui vizuri inatokea upande gani, kwa hiyo sabufa si lazima ikae chini ya tivii. Kuna mbinu moja ya kuchekesha lakini ya kweli. Iweke sabufa pale unapokaa, piga muziki wenye besi, halafu tambaa sakafuni pembezoni mwa chumba ukisikiliza. Pale besi inaposikika safi bila kuvuma ndipo mahali pake. Funga mlango kwanza, watu wasije wakadhani umepagawa.

Ikiingia kwenye kona itanguruma zaidi, lakini mara nyingi ni ngurumo ya kuchafua maneno. Na tafadhali, usiiegemeze kwenye ukuta mnaochangia na jirani, wala usipigilie spika za nyuma kwenye ukuta huo. Nyumba zetu nyingi za kupanga dari ni moja kwa vyumba vyote, au hata hakuna dari kabisa. Sauti inapanda juu ya ukuta na kushuka kwa mwenzako kitandani. Zinunulie stendi. Usiku tafuta kwenye rimoti kitufe cha hali ya usiku. Kinabana milipuko na kuacha maneno yasikike.

Hapo ndipo penye utamu wenyewe, mpenzi msomaji. Spika zikikaa mahali pake huna haja ya kufungulia mpaka vioo vitikisike. Maneno unayasikia, mvua inakunyeshea pande zote, na sauti iko chini ya nusu. Wanaofungulia mpaka mwisho wengi wao wanatafuta kwa kelele kile ambacho wangekipata kwa misumari minne na futi kamba.

Kwa hiyo wewe mwenye spika tano kabatini, Jumamosi hii usiende Kariakoo kutafuta kubwa zaidi. Nunua mita kumi na tano au ishirini za waya, zipitishe pembezoni chini ya kapeti, zigawe spika zako kwenye namba zao. Halafu muite huyo jirani mwenye kichanga, mkae wote muangalie sinema. Mtoto akilala mpaka mwisho, ujue umefaulu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Chao!