DIPLOMA YETU IKO NA DENI. NANI ATALIPA?

Wandugu wa Kolwezi, wa Fungurume, wa Lubudi, wa Sandoa, na ninyi wa Musumba kule Kapanga wenye mnajitayarisha kuja mjini kwa masomo,

Kabla mama hajauza muhogo wa mwisho, kabla papa hajaenda kukopa, someni hii.

Sisi ni wale tuliosoma kazi ya jamii na maendeleo ya jamii. Tulifundishwa kusikiliza familia yenye kuhamishwa kwa nguvu, kurudisha mtoto wa mgodini darasani, kuandika mradi wa kisima. Tuko na diploma. Kazi hatuna. Na kila mara tukisema hivyo wakubwa wanatujibu: "Vijana wa leo ni wavivu, wanataka paka biro na kiyoyozi." Leo tunajibu kwa hesabu.

Juma iliyopita tulikaa barazani kwa mwenzetu mmoja pale Manika, tukafungua kaye yake. Aliandika kila kitu toka mwaka wa kwanza. Minervali na malipo mengine ya chuo: dola 350 kwa mwaka. Chumba dola 20 kwa mwezi, miezi 10: dola 200. Silabusi, transpoti, fotokopi, kazi za vitendo: dola 150. Jumla 700 kwa mwaka. Alisoma miaka 5 ya mfumo wa zamani, gradua 3 na lisansi 2: ni 3,500. Ongeza 300 za memwari na siku ya kuitetea. Dola 3,800.

Hizo zilitoka wapi? Dola 2,600 zilitoka kwenye shamba, kwenye mbuzi, kwenye meza ya mama sokoni, na kwenye mfuko wa yaya yake mwenye kuchimba. Dola 1,200 zilikopwa: kwa mjomba, kwenye kitemo ya mama, na kidogo kwa wale wa "Lambert", wenye kukupa 100 leo na kudai 150 mwisho wa mwezi.

Kisha kazi ikapatikana. Kampuni moja ya sutretansi ilimpa dola 150 kwa mwezi, mkataba wa miezi 3. Chumba 40, transpoti 30, chakula 60. Inabaki 20, kama hajagonjwa na kama hakuna kilio nyumbani. Gawanya 1,200 kwa 20: miezi 60. Miaka 5 ya kusoma, miaka 5 ya kulipa, na mkataba ni wa miezi 3! Na huyo ndiye mwenye bahati kati yetu. Wengine tulipata paka staji: miezi sita, transpoti yako, chakula chako, na mwisho wake "tutakuita".

Lakini kuna kitu chenye hakikuandikwa ndani ya ile kaye. Mdogo wake wa kike aliacha shule mwaka wa nne wa sekondari ili yeye amalize. Ile deni utaipigia hesabu namna gani?

Tanzania, tangu 2005, kuna Bodi ya Mikopo. Mwanafunzi anakopa kwa serikali, na akipata kazi wanamkata 15% ya mshahara. Vijana wa kule wanailalamikia, na wako na haki yao. Lakini deni yao iko na karatasi, iko na kiasi, iko na mwisho. Yetu iko na sura za watu. Hakuna banki inakudai, lakini huwezi kuingia kwenye kilio ya familia bila kuinamisha macho.

Wengine watasema: "Mchimbaji anawashinda makuta, shukeni shimoni." Wiki moja, ni kweli. Wiki ingine shimo haitoi kitu, ama inaanguka na watu ndani. Hatucheki wachimbaji. Ni bayaya wetu, makuta yao njo ilitulipia minervali. Lakini asikuje mtu kutuambia turudi kwenye shimo yenye yaya aliingia ili sisi tusiingie.

Na mbaya zaidi: kazi yenye tulisomea IKO. Sheria no 18/001 ya tarehe 9 Machi 2018, yenye ilibadilisha Kode ya Migodi, inalazimisha kila kampuni ya mgodi kutoa angalau 0.3% ya mauzo yake kwa miradi ya jamii yenye kuguswa na mgodi. Kampuni yenye kuuza shaba na kobalti ya dola bilioni 1 inapashwa kutoa milioni 3 kwa mwaka. Juu ya ile, kuna kaye de sharji, ahadi zenye kampuni inasaini na jamii. Na 15% ya redevansi ya migodi ni ya mamlaka za chini: miji, komini, sekta na shefri.

Tunauliza: ndani ya ile milioni, ni ngapi inalipa mtu mwenye kufuatilia watoto, familia zilizohamishwa, kamati ya kisima? Mara ngapi tumeona ukuta mpya, rangi mpya, bango kubwa lenye nembo, na hakuna mtu wa kuendesha? Simenti iko na bajeti. Mtu hana. Njo maana tuko barazani.

Tunadai:

1. Kila chuo cha Lualaba kibandike mlangoni, kabla ya kuandikisha, bei yote ya masomo mpaka mwisho, na waliomaliza wangapi wako na kazi. Marekani, tangu 2015, serikali inaonyesha kwenye intaneti deni na mapato ya waliosoma kila chuo. Hapa hata bei ya mwaka wa pili ni siri.

2. Kila kaye de sharji na kila mradi wa 0.3% uwe na nafasi za kulipwa za wafanyakazi wa jamii, zitangazwe wazi, na zipitie ONEM, si kwa simu ya mjomba wa mkubwa.

3. Staji iwe na mkataba, transpoti na chakula, na isipite miezi 3.

Na wewe mdogo wetu wa Musumba, hatukukatazi kusoma. Kazi hii ni nzuri, na mkoa huu unaihitaji kuliko bango lingine. Lakini uliza mambo matatu kabla ya kulipa franga ya kwanza: bei yote ni ngapi? Waliomaliza mwaka uliopita wako wapi? Nani nyumbani ataacha kitu ili mimi nisome? Ukipata jibu, amua na familia yako, macho wazi.

Wewe mwenye ulimaliza, andika hesabu yako: ulilipa nini, ulikopa kwa nani, umepata nini. Tuletee kaye yako. Tutaziweka zote pamoja, majina tutaficha, na tutazipeleka kwa guverneri, kwa vyuo na kwa makampuni. Wakisema tena sisi ni wavivu, wasome kwanza.

Deni tumeikubali. Kunyamaza hapana.

Sisi vijana wa Lualaba, wenye diploma na wenye deni.