Kadi ya Mtandao Nayo ni Amana



Ndugu wanafunzi na wazazi, vijana wetu wengi wa Kariakoo, Gerezani na Jangwani siku hizi wanajifunza ufundi wa kompyuta. Ni jambo la kheri. Lakini naona wanafundishwa kushika bisibisi kabla ya kufundishwa adabu ya kazi. Nitatoa mfano mmoja mdogo: kubadilisha kadi ya mtandao kwenye seva inayofanya kazi.

Seva ni kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine. Katika duka la jumla, kaunta zote pamoja na ghala huiuliza seva moja: bei ni ngapi, mzigo umebaki kiasi gani, mteja fulani anadaiwa nini. Kadi ya mtandao ndiyo mlango wake, hapo ndipo kebo inapochomekwa. Kadi ikichoka, kaunta hukatika na kurudi, hukatika na kurudi, na fundi huitwa.

Fundi mwenye haraka huja saa sita mchana, duka limejaa. Anazima, anachomoa, anachomeka nyingine, anawasha. Dakika 15 tu. Seva inawaka vizuri lakini kaunta hazipati kitu! Sababu ni kwamba kila kadi hutoka kiwandani na anwani yake ya herufi na tarakimu 12, na kadi mpya ni mgeni nyumbani. Linux za zamani ziliikumbuka kadi ya kwanza kwa jina eth0 na kumpa mgeni jina eth1, huku maelekezo yote yameandikwa kwa eth0. Windows nayo huweza kuhifadhi habari za kadi iliyokwisha kutolewa, na ukiipa mpya anwani ile ile ya mtandao inakuonya kuwa ina mwenyewe. Zipo pia programu ambazo leseni yake imefungwa na kadi ya zamani. Asiyejua haya hubaki anatoka jasho mbele ya wateja.

Wapo wanaosema kinachofanya kazi kisiguswe. Mimi sikubaliani nao. Kadi inayokufa itachagua siku yake yenyewe, na huenda ikawa mkesha wa Idi. Iguswe, ila iguswe kama mali ya mtu. Kwanza jaribu kebo nyingine na tundu jingine la swichi, kwa sababu kumuuzia mtu kadi ilhali ubovu ni wa kebo ni kula mali yake kwa batili. Andika mipangilio yote kwenye karatasi. Nakili data pahala pengine. Ngoja duka lifungwe, baada ya Isha. Chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini usiiunguze kadi, na ile ya zamani usiitupe mpaka kesho yake duka lifanye kazi kutwa nzima.

Mwezi Mei 2021 mfumo wa kununua umeme wa LUKU ulikwama kwa siku kadhaa, watu wakapanga foleni kutafuta umeme. Sisemi kwamba ilikuwa kadi. Nasema tuliona wote ni watu wangapi wanaotegemea mashine wasiyopata kuiona.

Kisha kuna suala la sokoni. Kadi ya mtumba huwekwa kwenye boksi jipya ikauzwa kama mpya. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la chakula, akakuta chini kumeloa, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Kuuza mtumba si haramu (na mtumba imara waweza kuishinda kadi mpya ya bei ya karanga). Kosa ni kumficha mnunuzi.

Nanyi wenye maduka, msiwaachie mafundi lawama yote. Fundi akiomba aje usiku mnamwambia aje mchana, kwa kuwa usiku mnataka kulala, na akimaliza mnamlipa ya dakika 15 alizoshika bisibisi, si ya saa tatu za kunakili na kupima. Mpeni usiku wake, mmlipe usiku wake, na mwekeni mtu wenu pale dukani wa kuhakikisha kila kaunta imerudi kabla fundi hajaondoka.

Wabillahi tawfiq.