Mtungi wa gesi, jiko la nyama na neno "ushamba"

Mwezi huu naweka pembeni wivu na simu za usiku wa manane, nazungumzia jiko. Ndiyo, jiko! Usicheke, maana zipo nyumba zinanuna wiki nzima kwa kitu kidogo kuliko hicho.

Msomaji mmoja wa Magamba, pale Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, kaniletea kesi yake. Yeye na mumewe ni wafanyakazi, wana mtoto mmoja anayeanza kutembea, na Krismasi wanatarajia ukweni kutoka Sumbawanga. Mbuzi wawili wameshaandaliwa. Mume kaja na wazo: fundi wa mageti amchomelee bomba lenye matundu chini ya jiko la kuchomea nyama, kisha mpira utoke kwenye mtungi wa jikoni uingie humo. Unafungua gesi, mkaa unawaka dakika chache, kazi imekwisha. Mke akasema anaogopa, na jibu alilopewa ni fupi: aache ushamba.

Dada yangu, nitamjibu shemeji kwanza upande wa moto, halafu hilo neno tutalirudia.

Kiukweli wazo lenyewe si la kijinga. Mkaa wa miti ya miombo wa kule Katavi ni mzito na unadumu na moto, lakini kuushika ni kazi. Ukija msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, gunia linanyonya unyevu na utapepea mpaka mkono ufe ganzi. Wengine wanamwagia mafuta ya taa, matokeo yake nyama inanuka koroboi. Wengine wanachoma nailoni, na moshi wake sumu unatua kwenye chakula cha wageni. Ukilinganisha na hayo, gesi ni safi.

Na siku hizi nyumba nyingi zina vyote viwili. Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mtungi wa kilo 6 umeingia mpaka vyumba vya kupanga, lakini nyama choma bado inataka mkaa. Sasa vitu hivi viwili vikutane vipi bila kuleta msiba?

Kuna viwanda vinavyotengeneza jiko la mkaa lenye kiwashio cha gesi. Weber ya Marekani, kwa mfano, ina jiko liitwalo Performer: kichomeo kidogo kimewekwa chini ya mkaa, kikopo cha gesi kiko pembeni, unawasha dakika chache tu kisha unafunga. Kwa hiyo inawezekana. Ila kiwandani wamepima tundu la gesi, njia ya hewa na umbali wa moto. Bomba la fundi wa mageti halijapimwa chochote kati ya hivyo.

Gesi inayouzwa kwenye mitungi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Imebanwa mpaka ikawa kimiminika, na ikitoka inageuka mvuke mzito kuliko hewa, kwa hiyo haipai. Inatambaa chini kama maji, inajaa kwenye mashimo na pembe za ukuta, inasubiri cheche. Bomba lisilo na njia ya kuvuta hewa litatoa moto wa njano wenye masizi. Majivu na mafuta ya nyama yataziba matundu, moto utazimika upande mmoja huku gesi ikiendelea kutoka. Na kwa vile bomba ni chuma, joto la mkaa litalifuata mpaka lilipoungwa na mpira, na mpira ukiyeyuka… ndugu yangu, usiombe yakukute.

Kosa jingine ni kuweka mkaa juu ya ule mtungi wa kilo 6 ambao kichomeo chake kimefungwa kichwani. Kaa la moto likidondoka linatua juu ya valvu! Hilo usifanye hata kwa dakika moja.

Sasa njia ninayoipendekeza. Usiingize gesi ndani ya jiko la mkaa. Peleka mkaa kwenye gesi, halafu urudishe mkaa jikoni. Tafuta kichomeo cha gesi cha chuma chenye miguu, kile cha mama ntilie, chenye mpira na regyuleta yake. Chukua kopo kubwa la bati lisilo na rangi wala plastiki, toboa matundu chini na pembeni, funga mkono imara wa chuma. Jaza mkaa, weka juu ya kichomeo. Hewa moto inapanda ndani ya kopo ikivuta hewa mpya kutoka chini, na makaa yanaambukizana. Baada ya kama dakika kumi, yale ya chini yakiwa mekundu, funga gesi. Liache kopo limalizie lenyewe mpaka ya juu yaanze kuvaa majivu, kisha vaa glovu nene na umwage kwenye jiko la nyama.

Masharti yake ni haya, bandikeni ukutani:

Fanyeni nje, mahali tambarare, mbali na mtaro, shimo au mlango wa nyumba.

Mtungi usimame wima. Ukilazwa, kinachotoka ni kimiminika badala ya mvuke, na moto unaruka ghafla.

Mtungi ukae angalau mita 2 kutoka kwenye moto, ubavuni mwa upepo, ili cheche zisiuendee na gesi ikivuja isipeperushwe motoni.

Tumieni mpira wa gesi wenyewe, siyo bomba la kumwagilia bustani, na klipu za chuma ncha zote mbili. Regyuleta iendane na valvu ya mtungi. Ukiona mpasuko, tupa.

Kabla ya kuwasha, fungua mtungi huku kichomeo kimefungwa, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu yanayokua, linavuja. Usipime kwa kiberiti hata siku moja!

Kiberiti kiwake kwanza, ndipo gesi ifunguliwe kidogo kidogo. Moto ukizimika, funga, subiri dakika tano, ndipo ujaribu tena. Wakati wa kuzima, anza na mtungi ili gesi iliyobaki kwenye mpira iungue yote.

Kabla nyama haijawekwa, mtungi na mpira viwe vimeshaondoka eneo la tukio. Watoto nao wakae mbali, na mtu mmoja apewe kazi ya kuwaangalia, siyo "tutawaangalia wote".

Na shughuli ikiisha, jiko la mkaa lisiingizwe ndani eti kuna kibaridi. Makaa yanayofifia hutoa gesi ya kaboni monoksidi yenye sumu, haina rangi wala harufu, na inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Watu wamelala nayo wakiwa wazima na hawakuamka. Ikitokea hatari ya moto, namba ya Zimamoto ni 114.

Kama ugomvi wenu ni wa hela pia, tupige hesabu. Kichomeo cha kati kikila gramu 250 kwa saa, dakika kumi ni kama gramu 40. Mtungi wa kilo 6 ungeweza kuwasha mkaa zaidi ya mara mia. Kwa hiyo dada, hapo mwachie shemeji, hatamaliza gesi ya uji wa mtoto.

Haya, turudi kwenye "ushamba". Shemeji, ukisoma hapa nakuheshimu sana. Unataka wakwe waone mwanaume anayejua mambo, na hakuna ubaya. Lakini mkeo hakusema hapendi gesi. Alisema anaogopa. Mtu anayeogopa huwa ameona kitu ambacho wewe hujakiona: mtoto anayejifunza kutembea akishika kila kinachoning'inia, pamoja na ule mpira wako. Ukimwita mshamba, unachozima ni mdomo wake. Hatari inabaki pale pale. Kesho ataisikia harufu ya gesi saa sita usiku na atasita kukuamsha, asije akaitwa mshamba mara ya pili. Hiyo ndiyo noma yenyewe.

Na wewe dada, hofu bila maelezo inasikika kama kupinga tu. Usiseme "mimi sitaki". Sema "mpira utapita wapi, na mtoto atakuwa wapi?" Swali la namna hiyo halimvunjii mtu heshima, linamkalisha chini afikirie.

Fanyeni hivi: wiki mbili kabla ya wageni, jaribuni wawili tu, na nusu kilo ya nyama. Yeye awashe, wewe ushike povu la sabuni na uwe na haki ya kusema "simamisha" bila kuulizwa kwa nini. Akikubali kusimama siku hiyo, basi hata mambo mengine ya ndani mtaelewana. Akikataa, mbuzi wachomwe kwa mkaa uliopepewa kwa ungo, taratibu, na shughuli itakuwa poa tu.

Kwa leo naishia hapa. Toleo lijalo: mshahara wake, mshahara wako, na nani alipe kodi ya nyumba? Mpendane!