Wafanya Simu na Waandishi wa Programu

Katika dahalia yetu simu za mkono haziruhusiwi, na pengine ndiyo sababu tunazizungumza sana. Usiku mmoja baada ya masomo yalizuka mabishano: imekuwaje Nokia, iliyokuwa mikononi mwa kila mtu, ikaanguka? Wenzangu walisema imeshindwa kwa uzuri wa vioo. Mimi sikubaliani nao, na kwa ruhusa ya Bwana Mhariri nitasema kwa nini.

Kwanza tuwape Wafini haki yao. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1865 kwa kinu cha karatasi. Mwaka 2003 ikatoa Nokia 1100, yenye tochi, na vitufe vilivyofunikwa vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Bibi yangu wa Makunduchi anayo moja mpaka leo, imeshaanguka mara zisizo idadi na bado inaita. Mwaka 2007, karibu simu nne katika kila kumi zilizouzwa duniani zilikuwa za Nokia. Basi tusiseme hawakujua kazi. Walijua mno kazi moja.

Simu ni kama mlango wa Mji Mkongwe. Seremala huchonga, hupigilia njumu, na siku ya kuutia ukutani hulipwa akaenda zake. Programu si mlango, ni bawabu: lazima awepo kila siku, na abadilike mambo yanapobadilika. Sasa mwenye karakana ya milango akiajiri mabawabu, huwahisabu pamoja na misumari. Siku ya kutoa mlango ikifika, utatoka tu, bawabu awe tayari asiwe tayari.

Nokia walitoa simu za aina nyingi kila mwaka, na programu iliyoandikwa kwa aina moja mara nyingi haikukubali katika nyingine. Symbian, iliyoendesha simu zao kubwa, asili yake ni kompyuta ndogo za vitufe za Psion, kampuni ya Kiingereza. iPhone ilipotoka mwaka 2007 na kioo cha kugusa, wakajaribu kuigeuza Symbian hiyo hiyo. Waandishi wa programu walikuwapo kwa maelfu, na fedha ilikuwapo. Walichokosa, naona mimi, ni neno lao kusikilizwa na wakubwa waliokulia katika vyombo. Februari 2011 Nokia wakaafikiana na Microsoft kutumia programu yake, na Aprili 2014 biashara yao ya simu ikawa mali ya Microsoft.

Mtu ataniuliza: Apple je, si wafanya vyombo? Ndiyo, walakini nao walishindwa kwanza. Walihangaika miaka kuandika programu mpya ya kuendesha kompyuta zao, wakaiacha mwaka 1996, kisha wakainunua NeXT, kampuni ya Steve Jobs. Hawakuchukua programu peke yake. Avie Tevanian, aliyetoka NeXT, alipewa kuongoza kazi yote ya programu. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Wala mas-ala haya si ya ng'ambo tu. Skuli niliyosoma kabla ya hii ilipata kompyuta. Siku ya kuzipokea zilitolewa hotuba, picha zikapigwa, chumba kikatiwa komeo jipya. Mwalimu wa programu hakutafutwa, na tulipouliza tuliambiwa, "Kompyuta si mnazo?" Ilhali M-Pesa, iliyoanza Kenya mwezi Machi 2007, ilipita katika simu zile zile ndogo za tochi; ilitaka laini mpya tu, wala hakuna kitufe kilichobadilishwa.

Hapa kwetu, nashukuru, chumba cha kompyuta hufunguliwa. Lakini klabu ya programu imepewa nusu saa Ijumaa alasiri, wakati wa kandanda, na mimi mwenyewe nimeikosa mara mbili kwa sababu ya mpira. Namwomba Mwalimu Mkuu atupe saa mbili za Jumamosi asubuhi, na wadogo zetu wa Kidato cha Pili waruhusiwe kuingia, kwani sisi mwaka huu tunaondoka.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne