Kabla ya "helm install", uliza uko kwa nyumba ya nani

Watu wangu, leo sina ujanja mpya wa kuwaonyesha. Nimekuja kuomba msamaha, halafu baadaye nitaleta ubishi kidogo, si mnanijua.

Wengi wenu mlinijua kupitia ile video fupi ya sekunde 58. Ile nafungua terminali, naandika helm install, nabonyeza enter, napiga chai funda moja, na programu nzima imesimama ndani ya klasta. "Rahisi hivyo tu," nikasema. Mpaka wiki hii ndiyo iliyokuwa video yangu iliyotazamwa zaidi. Na kusema ukweli hakuna uongo ndani yake. Amri ni hiyo hiyo na inafanya kazi. Shida ni kwamba niliirekodi kwenye klasta yangu mwenyewe, ndani ya laptop yangu, klasta tupu niliyoiwasha dakika tano kabla ya kurekodi na kuizima nilipomaliza. Hakukuwa na mtu mwingine ndani. Ningevunja sahani zote na hakuna mtu angelala njaa.

Wewe unayenitazama, hiyo siyo hali yako. Wewe umepata kazi ndogo ya pembeni, mtu amekutumia faili ya kubeconfig kwa WhatsApp (usicheke, inafanyika kila siku), na amekuambia "niwekee hii programu kwa klasta yetu." Hilo neno "yetu" ndilo sikuwahi kulifundisha.

Kwa wageni, wacha nieleze haraka. Kubernetes ni mfumo wa kuendesha programu zilizofungwa kwenye kontena, zikiwa zimetawanywa kwenye mashine nyingi zinazofanya kazi kama moja. Mashine hizo zikiwa pamoja ndizo tunaita klasta. Google waliutangaza mwaka 2014. Helm nayo ni chombo cha kusakinisha programu ndani ya klasta hiyo: badala ya kuandika mafaili 15 ya YAML kwa mkono, unachukua chati iliyoandikwa na wengine, unaipa mipangilio yako, na inakujengea kila kitu. Jina Kubernetes ni la Kigiriki, maana yake mshika usukani. Helm ndio usukani wenyewe, na chati ni ile ramani ya baharini. Mtu wa Lamu hahitaji kuelezewa zaidi ya hapo. Ila hata nahodha akipewa jahazi la mwenyewe, anauliza kwanza limebeba nini.

Sasa aibu yangu.

Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Aliyenishika mkono ni jamaa mmoja mkubwa kwangu kwa miaka kumi hivi, mimi humwita mkubwa tu. Alinifundisha Linux kwa laptop yake, na mwaka jana akaniunganisha na kazi: duka la viatu linalouza mtandaoni. Klasta walikuwa nayo tayari, kazi yangu ilikuwa kusakinisha programu ya duka na kuitunza. Yeye ndiye aliyesema "huyu kijana anajua." Nilipewa kazi kwa jina lake.

Nikasakinisha vile nilivyokuwa nimezoea, kwa mstari mmoja mrefu, --set hii, --set ile. Anwani ya tovuti, ingresi iwashwe (huo ndio mlango unaoruhusu watu wa nje kuingia), nakala tatu za programu, kiwango cha memori, na vingine viwili. Ikasimama. Wakafurahi. Pesa ikaingia kwa M-Pesa. Ule mstari sikuuhifadhi mahali popote.

Miezi miwili baadaye, Ijumaa jioni, wakaniambia kuna toleo jipya la programu, nibadilishe. Kitu ya dakika moja. Nikaandika helm upgrade, jina, chati, na --set moja tu ya toleo jipya. Helm ikanijibu kwa ile furaha yake: "Happy Helming!" Nikafunga laptop nikaenda kula.

Nikiwa bado mezani simu ikalia. Duka halifunguki.

Iliyofanyika ni hii, na ukisahau kila kitu kingine leo, shika hii. Ukiendesha helm upgrade bila kutaja mpangilio wowote, Helm hutumia tena ile mipangilio uliyoiweka mara ya mwisho. Lakini ukitaja hata mmoja tu, inaacha ile yako yote ya zamani na kurudi kwa mipangilio ya kawaida ya chati, halafu inaongeza huo mmoja uliotaja. Kwa ile chati, ingresi ya kawaida ni imezimwa. Nakala ya kawaida ni moja. Kwa hiyo nilipobadilisha toleo nilikuwa nimeng'oa pia mlango wa duka, na mashine haikuniuliza chochote kwa sababu mbele yake sikuwa nimekosea. Nilikuwa nimeagiza hivyo.

Nilihangaika saa tatu. Nikafuta podi zikajiumba upya, nikafuta tena. Nikaanza kushuku DNS. Nikaanza kushuku kampuni ya seva. Kila podi ilikuwa inasema iko sawa, na ilikuwa sawa kweli, ilikuwa inauza viatu gizani peke yake. Kumpigia mkubwa sikutaka. Kiburi cha mtu asiye na cheti ni kibaya, unahisi ukiuliza swali moja watu watasema "si mnaona, hakumaliza chuo."

Mwishowe mwenye duka ndiye aliyempigia. Mkubwa akaingia, akaandika helm history, akaona toleo la usakinishaji la kabla ya mkono wangu, akaandika helm rollback na namba yake. Haikufika dakika moja. Duka likarudi. Hakunigombeza. Aliuliza kitu kimoja: "Faili yako ya values iko wapi?" Sikuwa na faili. Akanyamaza, na ningependa sana kama angenitukana.

Mwenye duka alinilipa salio na hakunitafuta tena. Mkubwa bado tunasalimiana. Kazi hajaniletea nyingine.

Sasa ubishi. Kuna wenye watasoma hii waseme, unaona, ndiyo maana hizi vitu zifanywe kwa kubonyeza vitufe kwenye ukurasa wa kampuni ya seva, mambo ya terminali ni ya kujionyesha. Hapana. Mimi niko terminali na nitabaki hapo. Ukibonyeza kitufe, kesho huwezi kusoma ulichobonyeza. Ukitumia Helm, kila hatua imeandikwa ndani ya klasta yenyewe, na ndiyo sababu mkubwa aliweza kurudisha duka kwa mstari mmoja. Kilichoniangusha ni kufanya terminali kama kitufe. Nilibonyeza bila kuandika.

Mipangilio inafaa ikae kwenye faili, values.yaml, faili ikae kwenye Git, na kila helm upgrade iite hiyo faili kwa -f. Kila mara, hata kama unabadilisha herufi moja. Ukikuta usakinishaji wa mtu mwingine bila faili, helm get values itakuonyesha alichoweka, kiandike kwanza ndipo uguse kitu. Ningejua hiyo amri ile Ijumaa, leo ningekuwa naandika kuhusu kitu kingine.

Lakini hata kabla ya hapo kuna swali la nyumba. Uko wapi? kubectl config current-context itakuambia ni klasta gani inasikiliza amri zako sasa hivi. Nimeona mtu mwenye uzoefu kuniliko akisakinisha kitu cha majaribio kwenye klasta ya wateja kwa sababu asubuhi alikuwa ameingia huko kuangalia kitu kidogo na akasahau kutoka. Halafu, ni nani wako ndani? helm list -A inakuonyesha kila kilichosakinishwa kwa Helm, neimspesi zote. Watu hudhani neimspesi ni ukuta, kwamba ukiweka vitu vyako kwa chumba chako hakuna utakayemgusa. Ni kweli kwa vitu vingi, siyo vyote. Kuna vitu vya nyumba nzima. Chukua cert-manager, ile inayoshughulikia vyeti vya HTTPS. Inafaa kuwa moja kwa klasta nzima, na wenyewe wanakuonya usiiweke mara mbili. Sasa wewe umefuata video ya mtu kama mimi kutoka mwanzo hadi mwisho, na hatua ya kwanza ni kusakinisha cert-manager, kwenye klasta ambayo inayo tangu mwaka juzi. Unajua unaanzisha vita gani?

Ama ile ya kuweka kidhibiti cha ingresi cha pili bila kuuliza kama cha kwanza kipo. Kwa klasta nyingi za kukodi, hiyo inaagiza mgawa-mzigo mpya kwa kampuni ya seva, na mgawa-mzigo unalipiwa, kwa dola, kila mwezi, hata kama hakuna mtu anayeupitia. Mwenye duka atauona kwa bili. Wewe utakuwa umeshasahau.

Na matoleo, jamani. Usipoweka --version, Helm inakuchukulia toleo jipya kabisa la chati lililopo siku hiyo. Leo na mwezi ujao siyo kitu kimoja. Chati pia ni mali ya watu, na watu hubadilisha nia. Mwaka 2020 ile hazina ya zamani ya stable, iliyokuwa kwa kila somo la Helm, iliacha kutunzwa. Mwaka 2025 Bitnami, ambao chati zao nusu yetu tulizitumia bila kufikiria, walihamisha picha zao nyingi za kontena kwenye hazina ya bitnamilegacy, ambako hazisasishwi tena. Video za zamani bado ziko pale zikisema "nakili hii ubandike."

Kwa wanaoajiri pia nina neno, msidhani mmepona. Ukimpa kijana wa kazi ya wiki mbili kubeconfig yenye nguvu zote za klasta, umempa ufunguo wa nyumba nzima ndio abadilishe balbu ya choo. Kubernetes ina njia ya kumfungia mtu ndani ya neimspesi moja, itumieni. Mimi ningefurahi kufungiwa. Unalala vizuri ukijua kuna vitu huwezi kuharibu hata ukitaka.

Na wale wa "acha vijana wavunje ndio wajifunze", nakubaliana nanyi kabisa, ila kila mtu avunje vyake. Kind na minikube ni za bure na zinaingia kwa laptop ya kawaida. Yangu ina RAM ya GB 8 na kioo kimepasuka, na inabeba. Fanya ile upgrade yangu ya kijinga hapo. Weka mipangilio mitano, kisha badilisha mmoja kwa --set uone ile minne ikipotea. Halafu rudisha kwa rollback. Ni jioni moja, bando kidogo la kushusha picha za kontena, na hakuna mtu atakayekupigia simu ukiwa unakula.

Ile video ya sekunde 58 nimeishusha jana usiku. Najua inaniumiza kwa namba, na wale wa matangazo huangalia namba. Nimerekodi mpya ya dakika 14, na kwa dakika 9 za kwanza hakuna kitu kinachosakinishwa, tunaangalia tu tuko kwa nyumba ya nani. Nilimtumia mkubwa kwanza kabla ya kuipandisha. Alikaa siku mbili bila kujibu. Leo asubuhi ametuma dole gumba moja, na chini yake: "Na rollback mbona hujaonyesha?"

Narudi kurekodi.