Mpini Ubaki, Nywele Zibadilishwe

Juma hili tunasema juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakitupa mapema: burashi ya kunyolea ndevu, ile papa anayopakia povu la sabuni usoni.

Burashi hiyo ni vitu viwili. Kuna mpini, wa mti, wa pembe ao wa plastiki ngumu, unaoweza kudumu miaka mingi sana. Na kuna fundo la nywele, lililofungwa chini na kutiwa gundi ndani ya shimo la mpini. Kinachochakaa ni fundo. Nywele zikikatika ovyo, zikifunguka katikati ao zikinuka hata baada ya kuoshwa, fundo limekwisha. Lakini kama fundo zima limechomoka na nywele zingali nzuri, linatiwa gundi tu na kurudishwa.

Mjane mmoja wa kikundi ametuuliza kama mtoto wake, aliyeanza kuota ndevu, anaweza kutumia burashi ya marehemu baba yake. Ndugu wa bwana wanasema iachwe kabatini. Sisi tunajibu: mpini apewe, ni ukumbusho wa baba. Nywele zile asipewe. Nywele zilizopita kwenye uso wa mtu mwingine, penye mikwaruzo ya wembe, si za kurithi.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Katanisha nywele za zamani na mkasi mpaka usawa wa mpini. Funga mpini kwa kitambaa, mtu mwingine aushike imara. Toboa katikati ya fundo kwa keke ndogo, polepole, kisha kwa kubwa zaidi, bila kugusa kuta za shimo. Mabaki yakwanguliwe kwa kisu kidogo. Msichemshe mpini ili gundi ilainike: mti na pembe hupasuka.

Shimo likiwa safi, lipime kwa rula, upana na kina. Mafundo mengi yana upana wa milimita 20 mpaka 26 chini. Mahali ambapo fundo haliuzwi peke yake, nunua burashi mpya ya bei ndogo yenye fundo la kipimo hicho, pasua mpini wake wa plastiki kwa uangalifu, toa fundo bila kukata kifungo chake.

Lijaribu kwanza bila gundi. Likizama sana, burashi itakuwa ngumu usoni; weka kipande kidogo cha plastiki chini ya shimo. Likikaa juu sana, nywele zitalegea na hazitashika povu. Ukiridhika, kwaruza kuta kwa msasa, futa vumbi, kausha kabisa. Changanya gundi ya mirija miwili, isiyoogopa maji, kiasi sawa kila upande. Paka kidogo chini na kwenye kuta; ikizidi, itapanda kwenye nywele na kuzigandisha. Ingiza fundo, lisimame wima, uliache saa 24.

Sasa neno zito. Wamama wanaofuga mbuzi ao nguruwe watafikiri: kwa nini tusifunge nywele zetu wenyewe? Nywele mbichi za mnyama zinaweza kubeba kimeta. Wakati wa vita ya 1914 mpaka 1918, askari wa Uingereza na wa Marekani walipata ugonjwa huo kutoka burashi za kunyolea zilizotengenezwa kwa nywele za farasi zisizosafishwa vizuri, na wengine walikufa. Kwetu pia kimeta hakiko mbali: mwaka 2025 kiliua viboko wengi katika mbuga ya Virunga, pande za Ziwa Edward. Vijidudu vyake hukaa vikavu muda mrefu vikingali hai, na kuosha kwa sabuni hakutoshi. Kwa hiyo chagueni nywele za kiwandani. Zile za nailoni ni rahisi, na zinakauka upesi.

Tena, burashi moja, uso mmoja. Homa ya ini aina ya B hupita kwa damu, hata tone lisiloonekana. Baba na mtoto wasichangie burashi wala wembe. Na kijana akienda kwa kinyozi, aende na burashi yake na wembe mpya. Kinyozi mwenye heshima hatakasirika.

Baada ya kunyoa, burashi ioshwe kwa maji ya vuguvugu, ikung'utwe, ikaushwe mahali penye hewa. Isifungiwe ikiwa na maji, maana kunyauka kwa fundo kunaanzia hapo.

Kikundi chenye keke moja, msasa na gundi kinaweza kufanya kazi hii kwa majirani na kutia franka kidogo katika sanduku. Wafundisheni wasichana pia. Kazi hii inataka mkono mtulivu tu. Na yule mama mjane, alete mpini mkutanoni. Tutaupima pamoja, na kijana atajifunza kutia gundi kwa mkono wake mwenyewe.