Heshima Aliyoikataa Adam Goodes

KALAMU YA IJUMAA
Na Zuhura Mwinshehe

Wiki hii naomba niwatoe kwenye soka niwapeleke Australia, kwenye mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwa kuokoteza tu kwenye televisheni. Uwanja wake una umbo la yai na ni mkubwa kuliko wa soka. Kila upande una wachezaji 18, na kila mwisho wa uwanja zimesimama nguzo nne ndefu zisizo na nyavu wala mtambaa panya. Mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili za katikati, hilo ni goli, alama 6. Ukipita pembeni yake, alama 1. Watu wanaruka kudaka juu ya mabega ya wenzao, wanakimbia kilomita nyingi, wanagongana bila kofia wala mavazi ya kujikinga. Kufikisha mechi 300 katika ligi kuu ya mchezo huo si jambo la kila mtu.

Adam Goodes alicheza 372, zote akiwa na Sydney Swans, kuanzia 1999 hadi 2015, na kufunga magoli 464. Alizaliwa Januari 1980 katika mji wa Wallaroo, Australia Kusini. Mama yake ana asili ya Waadnyamathanha na Wanarungga, na ni mmoja wa watoto wa wenyeji asilia walioondolewa mikononi mwa familia zao kwa sera ya serikali ili wakalelewe kwingine. Waaustralia wenyewe wanawaita Vizazi Vilivyoibwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu yaliyomkuta mwanawe uwanjani hayaeleweki bila historia hiyo.

Kwanza mpira wenyewe. Katika uteuzi wa vijana wa mwaka 1997 alichukuliwa wa 43, nafasi ambayo haimpi mtu jina. Miaka miwili baadaye alikuwa chipukizi bora wa ligi nzima. Mwaka 2003 alitwaa medali ya Brownlow, akigawana na Nathan Buckley na Mark Ricciuto, na mwaka 2006 akaichukua peke yake. Medali hiyo hutolewa kwa kura za waamuzi, na anayepewa sharti awe mchezaji bora na pia muungwana wa msimu. Mwaka 2005 alikuwa kwenye kikosi kilichoipa Swans ubingwa wa kwanza tangu 1933, kwa ushindi wa alama 4 tu dhidi ya West Coast. Katika fainali ya 2012 dhidi ya Hawthorn aliumia goti mechi ikiwa bado mbichi, akagoma kutoka, na robo ya mwisho akafunga goli lililosaidia kuirudisha timu mchezoni. Wakashinda kwa alama 10. Alikuwa nahodha mwenza, na nikiitazama fainali ile mpaka leo naona ndiyo inayomweleza vizuri kuliko medali zote.

Kisha ikaja Ijumaa ya Mei 24, 2013, kwenye uwanja wa MCG jijini Melbourne. Ilikuwa mechi ya kufungua raundi maalumu ya kuwaenzi wachezaji wenyeji asilia. Kutoka jukwaani, karibu kabisa na mstari, sauti ya shabiki wa Collingwood, wapinzani wa Swans siku hiyo, ilimwita nyani. Goodes alisimama, akamnyooshea kidole mwenye sauti ile, akawaonyesha walinzi. Aliyetolewa alikuwa msichana wa miaka 13.

Kesho yake Goodes alizungumza na waandishi wa habari, na msingi wa hoja yangu yote ya leo uko hapo. Alisema asilaumiwe yule binti. Bado ni mtoto, anahitaji kusaidiwa na watu wake, na neno lile amelipata mahali fulani. Hakutaka ashitakiwe. Binti akampigia simu kumwomba radhi, naye akapokea. Mtu aliyeumizwa hadharani alichagua kumlinda aliyemuumiza, kwa kuwa alijua waliomfundisha ni watu wazima. Siku chache baadaye mtu mzima mmoja akajitokeza: Eddie McGuire, rais wa Collingwood, ambaye usiku ule wa mechi alikwenda chumba cha kubadilishia nguo cha Swans kuomba radhi. Sasa alikuwa redioni, akipendekeza Goodes atumike kutangaza onyesho la King Kong. Aliomba radhi tena.

Januari 2014 Goodes alitangazwa Mwaustralia Bora wa Mwaka. Akaitumia nafasi hiyo kusema juu ya ubaguzi na juu ya historia ambayo nchi yake haipendi kuisimulia. Mizomeo ikashika kasi. Kufikia msimu wa 2015 alikuwa akizomewa kila agusapo mpira, mechi baada ya mechi, na maelfu ya watu.

Waliozomea walikuwa na majibu yao, na nayachukulia kwa uzito kwa sababu bado yanatolewa. Wapo waliosema anajiangusha ili apewe mpira wa adhabu. Huyu ni mtu ambaye waamuzi walimpigia kura mara mbili kwa ubora na uungwana. Wengine walisema alimdhalilisha mtoto, wakati rekodi ya maneno yake ya siku iliyofuata ipo na yeyote anaweza kuisikiliza. Hoja waliyoishika zaidi ilikuwa kwamba wachezaji wengine wenyeji asilia hawazomewi, kwa hiyo haiwezi kuwa ubaguzi. Hoja hii inanikera kuliko zote, maana inakiri kitu bila kujua. Wale wengine hawakuzomewa kwa kuwa walikuwa hawajasimama kusema kwa sauti ile. Kupendwa kuliwekewa sharti la kunyamaza, na Goodes alikuwa amelivunja.

Mei 29, 2015, Swans wakicheza na Carlton mjini Sydney, alifunga goli akacheza ngoma ya vita aliyojifunza kwa vijana wa timu ya Flying Boomerangs, akamalizia kwa mkono kama anayerusha silaha kuelekea jukwaani. Ilikuwa tena raundi ya kuwaenzi watu wake. Ligi iliyoweka raundi hiyo kwenye ratiba, ikachora jezi maalumu kwa michoro ya mababu zao, ilijikuta katikati ya nchi inayobishana kama mwenyeji asilia ana ruhusa ya kucheza ngoma yake sekunde chache. Mwezi Julai huko Perth hali ikawa mbaya zaidi. Mwenzake Lewis Jetta alifunga, akaicheza ngoma ile ile kumuunga mkono. Baada ya mechi hiyo Goodes aliomba kupumzika. Hakuweza tena.

Naheshimu waliosimama hapo. Mechi aliyoikosa, mashabiki wa Sydney walisimama kumpigia makofi wakati hayupo uwanjani. Aliporudi kucheza Geelong, mashabiki wa wapinzani walimpokea kwa shangwe. Hivyo kumbe makofi yaliwezekana siku zote. Kilichokosekana ni uongozi wa ligi kusema mapema, kwa jina lake halisi, kwamba huu ni ubaguzi. Mkuu wa ligi wakati huo, Gillon McLachlan, alikiri mwaka 2016 kwamba walichelewa. Miezi yote ile ya mizomeo, aliyekuwa kazini kwao na kuumia kazini kwao alikuwa Goodes.

Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi katika klabu ile ile miaka hiyo ni Aliir Aliir, mzaliwa wa kambi ya Kakuma nchini Kenya, wa familia ya Sudan Kusini, ambaye baadaye alichezea Swans na kisha kung'ara Port Adelaide. Najiuliza vijana kama yeye walikuwa wanapata somo gani kwa kumtazama mkubwa wao.

Septemba 2015 Swans walitolewa na North Melbourne. Goodes aliwaaga wenzake chumbani, akatundika daluga. Desturi ya ligi ni wastaafu kuzungushwa uwanjani siku ya fainali ili mashabiki wawaage. Alikataa. Juni 2019, filamu ya The Final Quarter, iliyotengenezwa kwa picha za habari za wakati ule tu, ilipokuwa inaanza kuonyeshwa, ligi na klabu zake zote 18 ziliomba radhi. Miaka miwili baadaye wakataka kumwingiza kwenye orodha yao ya nguli. Alikataa tena.

Wapo waliomwona mwenye kinyongo. Mimi naona alikuwa na haki kamili. Waajiri walioshindwa kumlinda akiwa bado uwanjani hawawezi kudai sherehe ya kumsifu ili wao wajisikie wamemaliza. Radhi waliyoomba ni deni lao, na kulipa deni hakumpi mdaiwa haki ya kualikwa nyumbani. Nguvu zake Goodes amezipeleka kwenye taasisi ya GO aliyoianzisha mwaka 2009 pamoja na Michael O'Loughlin, kuwalipia masomo watoto wa wenyeji asilia. Ligi isimbembeleze tena. Ikihitaji kujua jinsi ya kuwalinda wachezaji wa leo, imwulize hilo, na ikubali kwamba anaweza pia kukataa kujibu.